Mkojo mwekundu, maziwa na madafu: jinsi dawa ya saratani inavyotoka mwilini mwa mtoto

Swali: Mwanangu wa kiume ana miaka mitano, kilo 18. Ana saratani ya damu. Kwetu Tanga, lakini tunatibiwa Dar es Salaam. Juzi baada ya kuchomwa dawa nyekundu alikojoa mkojo mwekundu, nikalia nikijua ni damu. Miezi miwili nyuma aliwekewa dripu mchana kutwa na usiku kucha, nesi akawa ananiamsha nimkojoze. Mwenzangu wa kitanda cha pili anasema dawa hizi ni sumu na zinakaa mwilini miaka, nimpe maziwa, madafu na maji ya mwarobaini ili asafishike. Tena nasikia mtoto anapewa dozi kali kuliko mtu mzima. Je, dawa inatokaje mwilini na inakaa muda gani? Mimi mwenyewe nina mimba ya miezi sita na ndiye ninayemfulia.

Jibu: Mama, pole kwa kuuguza. Mimi ni mfamasia wa wodi ya watoto wenye saratani, wa miaka mingi sasa. Swali la mkojo mwekundu nimeulizwa kwenye korido usiku wa manane, nimeulizwa kwa simu, na siku moja nimeulizwa na baba aliyekuja na mkojo wenyewe kwenye chupa ya maji ya kunywa, akaiweka mezani kwangu bila kusema neno. Kwa hiyo tuanze hapo.

Dawa ile inaitwa doksorubisini. Ni nyekundu kwenye kichupa, nyekundu kwenye sirinji, na ile sehemu ndogo inayopitia figo hutoka ikiwa bado na rangi yake. Siku ya kwanza, pengine na ya pili, mkojo huwa mwekundu au wa rangi ya chungwa, kisha hufifia. Sehemu kubwa ya dawa haipiti huko. Ini huidaka, huibadilisha na kuimwaga kwenye nyongo, nayo nyongo huishusha utumboni ikatoka na choo kikubwa. Ndiyo maana daktari huangalia vipimo vya ini kabla ya kuandika doksorubisini, na mtoto mwenye macho ya manjano hupunguziwa dozi au husubirishwa: mlango wa kutokea umebanwa. Damu ya kweli ina dalili zake. Rangi inaendelea hata siku ya tatu, kuna mabonge, au mtoto analia na kujikunja anapokojoa. Ukiona hivyo mwite nesi hapo hapo.

Sasa dawa inakaa muda gani? Wewe ni mtu wa Tanga, hina unaijua. Unapaka jioni, asubuhi unaibandua na kuitupa, lakini rangi inabaki mguuni wiki mbili. Dawa nyingi za saratani ziko hivyo hivyo. Chukua saiklofosfamidi, ambayo mwanao ama amepata ama atapata. Kwa mtoto, nusu ya dawa iliyo kwenye damu huondoka kwa kama saa nne, mapema kuliko kwa mtu mzima; siku ya pili imebaki kidogo mno. Lakini kazi iliyofanya kwenye uboho wa mifupa, kule damu inakotengenezwa, inaonekana baadaye. Chembe nyeupe hushuka kufikia chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, na nywele huanza kubaki kwenye mto wa kulalia wiki ya pili au ya tatu. Hapo wazazi husema, "Sumu bado imo." Haimo tena, ni rangi ya hina. Na siku hizo za katikati ndizo za kuogopa kweli: joto likifika 38, usisubiri kuche, usimpe panadoli ukalala. Ni hospitali usiku huo huo.

Mwenzako wa kitanda cha pili hajakosea moja kwa moja, lakini. Dozi za doksorubisini zikijumlishwa zinaweza kuacha alama kwenye msuli wa moyo, na alama hiyo inaweza kujitokeza miaka mingi baada ya dawa yenyewe kutoka. Ndiyo maana tunahesabu jumla ya miligramu tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana mtoto anapigwa picha ya moyo. Omba jumla hiyo iandikwe kwenye daftari lake. Akiwa na miaka 25 daktari wa siku hiyo ataitaka.

Zipo pia zinazokawia. Vidonge vya merkaptopurini anavyokunywa jioni huondoka kwenye damu baada ya saa chache, ila vile vinavyotengenezwa kutokana navyo hujibanza ndani ya chembe za damu kwa siku kadhaa, na hivyo ndivyo vinavyotibu. Akiruka siku moja moja, akiba hiyo inapungua kimyakimya na huoni dalili yoyote. Watafiti wa Marekani walipofuatilia vidonge hivi kwa watoto wenye ugonjwa kama wa mwanao, waliona kwamba waliokosa zaidi ya dozi tano kati ya kila mia ndio ambao saratani iliwarudia zaidi. Kwa hiyo dawa hii ya nyumbani, inayoonekana ndogo, naiogopea kuliko dripu. Dripu ina nesi wa kuisimamia.

Kuhusu dozi, tufanye hesabu pamoja. Dawa hizi hazipimwi kwa kilo peke yake, hupimwa kwa eneo la mwili. Unazidisha urefu kwa sentimita na uzito kwa kilo, unagawanya kwa 3,600, kisha unatafuta kipeuo cha pili cha jibu. Mwanao tumkadirie sentimita 108: 108 mara 18 ni 1,944, gawanya kwa 3,600 upate 0.54, kipeuo chake ni kama 0.73. Ana mita za mraba 0.73. Mwanamume wa kilo 70 na sentimita 170 ana kama 1.82. Angalia sasa: mtu mzima ni mzito karibu mara nne ya mwanao, lakini eneo lake halifiki hata mara mbili na nusu. Vinkristini, dawa nyingine ya saratani, kwa miligramu 1.5 kwa kila mita ya mraba, inampa mwanao miligramu 1.1. Mtu mzima tunamwekea kikomo cha miligramu 2. Ukigawa kwa kilo, kweli mtoto amepata zaidi ya mara mbili. Waliokwambia hawakudanganya.

Na anaimudu, kwa sababu ini la mtoto wa umri huo, ukililinganisha na mwili wake, ni kubwa kuliko letu, na figo zake zinachuja kwa kasi. Mtoto wa miaka miwili hadi kumi ni mashine ya kusafisha dawa. Ukimpa dozi ya mtu mzima iliyogawanywa kwa kilo tu, utakuwa umempunja, na saratani haisamehe kupunjwa.

Kwa mtoto mchanga mambo yanageuka. Figo za mtoto aliyezaliwa leo zinachuja sehemu ndogo tu ya zitakachochuja akikaribia miaka miwili, na vimeng'enya vya ini lake, vile vinavyovunja dawa, vingine havijaamka. Zamani wachanga walipewa vinkristini kwa hesabu ya eneo la mwili kama wakubwa, wakaumia vibaya mishipa ya fahamu na ini. Siku hizi wa chini ya mwaka mmoja, au wenye kilo chache, tunawapimia kwa kilo na kwa kiasi kidogo. Ukikuta wodini mtoto mchanga mwenye ugonjwa kama wa mwanao ana dozi inayoonekana ndogo mno, usimwonee huruma kwamba amepunjwa.

Kuna sindano ambayo haifuati hesabu hizo, ile ya mgongoni. Maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo hukaribia ujazo wa mtu mzima mtoto akifikisha miaka mitatu. Kwa hiyo methotreksati, dawa ya saratani inayochomwa hapo mgongoni, hupimwa kwa umri: miligramu 8 kwa mtoto wa mwaka mmoja, 10 kwa wa miwili, 12 kuanzia mitatu. Mwanao wa kilo 18 anapata 12, na babu yake angeugua angeweza kupata 12 hizo hizo.

Sasa nije kwenye zile siku za dripu ya mchana na usiku, maana hapo wewe mwenyewe ulikuwa sehemu ya matibabu bila kuambiwa. Kwa maelezo yako ilikuwa methotreksati ya dozi kubwa. Vidonge vyake vya kila wiki ni kama miligramu 15 kwa mtoto wa ukubwa huo. Dripu ile huhesabiwa kwa gramu, yaani mamia ya vidonge kwa mkupuo mmoja. Hakuna mwili unaoweza kukaa na kiasi hicho. Tunaiacha ifanye kazi kwa saa tulizopanga, kisha tunaitoa mbio, na karibu yote inatoka kwa mkojo.

Shida ya methotreksati ni kwamba haiyeyuki vizuri kwenye mkojo wenye asidi. Mkojo ukiwa mchachu, dawa inaganda kuwa chembechembe ndani ya vijifereji vya figo, kama chokaa inavyoziba mdomo wa birika. Figo ikiziba, dawa haitoki. Isipotoka, inaharibu figo zaidi. Ili tusifike huko, kwenye dripu huongezwa sodiamu bikaboneti, ndugu wa magadi unayowekea maharage, na nesi anachovya kijiti cha rangi kwenye kila mkojo. Tunataka kisomeke 7 au zaidi, yaani mkojo usiwe mchachu. Maji nayo ni mengi: lita 3 kwa kila mita ya mraba kwa siku, yaani kama lita 2.2 kwa mwanao, wakati siku ya kawaida mwili wake unahitaji kama lita 1.4. Sasa umejua kwa nini alilowesha shuka tatu usiku mmoja, na kwa nini nesi alikuamsha. Hakuwa anakusumbua. Alikuwa anahesabu kilichoingia na kilichotoka.

Saa kadhaa baadaye huanza dawa ya kuokoa, leukovorini. Haiitoi methotreksati mwilini, watu wengi hukosea hapo. Inazipa chembe nzima ile folati, aina ya vitamini, ambayo methotreksati imezinyima, zisife wakati tunasubiri figo zimalize kazi. Penye mashine, kiwango cha dawa kwenye damu hupimwa saa ya 24, ya 48 na ya 72, na leukovorini haikatwi mpaka kiwe kidogo kabisa. Hospitali zetu si zote zina mashine hiyo. Pasipo nayo madaktari hutumia dozi za chini zaidi na kurefusha maji na leukovorini kwa tahadhari. Ukiona mwenzako katolewa dripu mapema na wewe bado, si upendeleo. Watoto wawili wenye kilo sawa wanaweza kupishana siku nzima katika kuitoa.

Nilipokuwa kijana kazini tulikuwa na mtoto ambaye dawa iligoma kushuka. Maji yanaingia, mkojo unasoma vizuri, kiwango kimekwama. Tulihangaika mpaka bibi yake, aliyekuwa kimya pembeni akimpepea, akafungua pochi na kutoa kichupa cha ibuprofeni alichonunua duka la dawa la nje ya geti, kwa sababu mjukuu alilalamika kichwa. Alikuwa amempa mara tatu, kwa upendo kabisa. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini hubana njia ya methotreksati kwenye figo. Septrini nayo, ambayo mwanao pengine anakunywa siku nyingine za wiki, husimamishwa siku za dripu hiyo. Omeprazoli na amoksilini vilevile huichelewesha. Soda nyeusi za kola huchachusha mkojo, ziwekwe kando mpaka dripu iishe. Yule mtoto alipona. Toka siku ile sijawahi kuuliza tena "mnampa dawa nyingine?" kwa sababu jibu huwa hapana. Nauliza, "Kwenye pochi kuna nini?"

Saiklofosfamidi nitaigusa tu. Inaingia mwilini ikiwa imelala, ini ndilo linaloiamsha, na katika kuiamsha hutokea taka iitwayo akrolini ambayo hukwangua ukuta wa kibofu. Mkojo ukikaa, kibofu kinaungua. Ndiyo maana ya maji tena, kukojoa kila saa mbili hata usiku, na kwa dozi kubwa dawa iitwayo mesna inayoikamata akrolini mle mle kibofuni. Kwa hiyo mkojo mwekundu baada ya saiklofosfamidi, tofauti na ule wa doksorubisini, ni wa kushtuka.

Vinkristini ina hadithi yake, na ni ya kwetu. Asili yake ni mmea wa Madagaska, lile ua la pinki au jeupe linaloota bila kumwagiliwa kwenye nyua na makaburini. Hutoka zaidi kwa nyongo na choo kikubwa, na ini huivunja kwa kimeng'enya kiitwacho CYP3A5. Wazungu wengi hawana kimeng'enya hicho cha kutosha. Sisi wengi tunacho. Utafiti uliofanywa Eldoret, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2018 ulikuta karibu watoto tisa kati ya kumi wanacho, na ganzi na udhaifu wa miguu unaoletwa na vinkristini ulikuwa mdogo kwao. Usije ukafurahi mapema. Kule Malawi, watoto wenye saratani ya figo waliofika wakiwa wamekonda sana waliitoa vinkristini polepole kuliko watoto wa Uingereza. Jeni nzuri haimsaidii mtoto ambaye ini lake halina chakula. Mimi nikiona uji wa lishe wenye karanga na dagaa kwenye kabati la mgonjwa, naona dawa.

Vinkristini hiyo hiyo hulegeza utumbo, mtoto akakaa siku nne bila choo. Usisubiri siku nne. Papai, maji, na dawa ya kulainisha choo aliyoandikiwa. Na mtu yeyote akitaka kumpa dawa ya fangasi kama itrakonazoli, au ya kifua kikuu, au ya VVU, aambiwe kwanza kwamba mtoto yuko kwenye vinkristini. Baadhi huzuia ini lisiivunje, nyingine huliharakisha kupita kiasi.

Sasa hayo aliyokushauri mwenzako. Maziwa ni chakula, mpe, ila yachemshwe. Hayavuti dawa kutoka kwenye damu. Imani hiyo tumeirithi kutoka kwa waliokunywa mafuta ya taa, na hata kwao haikuwa sawa. Madafu yana potasiamu nyingi. Wiki ya kwanza ya matibabu chembe za saratani hupasuka kwa mamilioni na kumwaga potasiamu kwenye damu, na potasiamu ikizidi moyo husimama. Wakati huo hata dafu moja ni marufuku. Mwanao amevuka hapo, kwa hiyo muulize daktari akiangalia kipimo cha juzi, huenda akakubali. Kutoka wiki hizo za mwanzo anaweza kuwa amebakiwa na vidonge vya alopurinoli. Kama bado anavinywa, waambie leo, maana huzuia merkaptopurini kuvunjwa na dozi hiyo hiyo ikawa kama mara tatu au nne. Mwarobaini hapana. Ini lake lina foleni ya dawa za kuvunja, usiongeze nyingine ambayo hakuna anayejua kipimo chake. Balungi nalo liache, hubana vimeng'enya vya ini.

La mwisho, kufua. Kwa saa 48 baada ya kila dripu mkojo, choo na matapishi yake huwa na dawa. Kwa kuwa una mimba, siku mbili hizo mwombe baba yake au shangazi amsafishe na kufua, na yeye avae glovu. Kama hakuna mtu, vaa glovu mwenyewe, nguo zilizolowa zifuliwe peke yake kwa maji mengi na sabuni, zirudiwe mara ya pili, na ukimaliza unawe mikono. Choo cha kuvuta maji kivutwe mara mbili kikiwa kimefunikwa. Choo cha shimo kimwagiwe maji. Akikojoa kitandani bila glovu kuwa karibu, usimwache amelowa ukaenda kuzitafuta. Mwinue, mvue, nawa kwa sabuni, yatosha. Kumkumbatia, kumbusu na mikono yake shingoni mwako havina neno. Mlale kitanda kimoja kama kawaida.